Meno ya Fulu

Zadock Ogutu alikuwa na kazi ambayo hata mkewe, Lornah, aliona haya kuitaja kwa wenzake pale mferejini: kuchemsha vichwa vya samaki. Si vya kuliwa, la! Mzungu mmoja mtafiti, huko mjini Nairobi, aliletewa fulu kutoka Ziwa Nyanza, vile visamaki vidogo vya miiba mingi. Ogutu alivichemsha, akasugua nyama kwa mswaki, kisha akaanika mafuvu dirishani. Jioni alirudi kwa baiskeli hadi Riruta, alikopanga chumba kwa Mzee Kinyanjui. Kwao Kinyanjui samaki hakuliwa, basi alimpokea mpangaji wake huku ameziba pua. "Ogutu, leo umeoga na nini?" Wakacheka wote wawili.

Lakini kazi yenyewe aliipenda, tena sana! Alishangaa kukuta fulu ana taya nyingine kooni, nayo ina meno yake. Wanaotafuna konokono, meno yao ya kooni ni manene kama punje za mahindi. Wanaokwangua utando wa kijani kwenye mawe, ni membamba. Mzungu alimweleza kwamba wote ni wa ukoo mmoja, ila riziki ya vizazi vingi imewapa kila mmoja meno yake. Na kila jino lina jingine changa linalongoja zamu. La zamani likitoka, jipya linashika nafasi, hivyo hivyo maisha yote ya samaki.

Habari hiyo aliifikisha nyumbani ikiwa bado moto. Binti yake Peres, mwenye miaka tisa, akaacha ugali asikilize.

"Hata akizeeka, Baba?"

"Hata akizeeka! Mamba naye vivyo hivyo."

Jamani, mtu mzima yule! Utamu wa hadithi ulimnogea akasahau kuongeza kwamba ng'ombe, mbwa na binadamu tumegawiwa mara mbili tu, ya utotoni na ya ukubwani, basi.

Sasa, Ogutu mwenyewe hakuwa na meno sita ya mbele, ya chini. Yaling'olewa utotoni, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo. Mwaka wa hamsini na moja mama yake, ambaye Peres alimwita Dani, yaani bibi, alikuja kutoka kijijini kuwatembelea, akatangaza kwamba atarudi na mjukuu wake akang'olewe kabla mji haujamharibu. Lornah alikataa katakata, akalia. Ogutu naye, ambaye hajawahi kumjibu mama yake maishani, akatafuta njia ya kuponyoka. "Tumuulize mtoto," akasema. Peres akaitikia huku anarukaruka, "Ndiyo, nitaenda!" Basi Ogutu akajificha nyuma ya ndiyo ya mtoto. Lornah hakumsemesha tena.

Siku ya safari Ogutu aliwasindikiza Peres na Dani stesheni. Abiria walikuwa wameanza kupanda Peres alipomvuta shati.

"Baba, nikirudi yatakuwa yameshaota, sivyo? Kama ya fulu."

Kumbe mtoto alikubali kwa sababu ya hadithi yake! Akachutama mbele yake palepale, watu wakimpita na mizigo.

"Peres, nilikosea kutokueleza. Sisi si samaki. Haya uliyonayo ndiyo ya mwisho. Yakitolewa, hayaoti tena."

Mtoto alimkazia macho pale kwenye pengo. "Na wewe ulijua?"

"Sikujua. Niliambiwa yataota." Akagusa pengo kwa kidole. "Nilingoja, mwanangu. Kila asubuhi nilipitisha ulimi kwenye ufizi kuona kama limechomoza hata moja. Nilingoja mpaka nikaona aibu kungoja."

Kisha akasimama, akamgeukia mama yake. "Mama, haendi."

Dani alikuwa amesikia yote. Na nani mwingine aliyemwambia Ogutu yataota, siku ile alipolia akikataa kufungua mdomo, kama si yeye? Ogutu alisubiri matusi, hata kofi. Bibi alifungua kikapu chake taratibu, akatoa gauni la Peres, akamkabidhi Ogutu.

Akapanda peke yake. Garimoshi lilipotikisika, aliinama dirishani, akafunika mdomo kwa ncha ya leso.

"Hata mimi," akasema, "niliambiwa yataota."