Bangili ya Mkwe Wangu

Mama mzazi wa mke wa mwanangu anatoka uwandani, kwa wafugaji wa ng'ombe, na mimi ni mkulima wa huku juu, Gitting. Tunaitana mkwe. Mimi ni mtu wa kanisa. Sasa nawafundisha kipaimara watoto wa wale niliowafundisha zamani. Yeye anashika ya wazee wake. Hatujawahi kugombana kwa ajili hiyo, namshukuru Mungu.

Mvua zilizopita alipanda kuja kumwona mjukuu, na njiani mwiba wa mgunga ukamchoma kiganjani. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba, na bangili yake ya shaba imezama kwenye nyama. Aliivishwa na mama yake akiwa msichana mdogo, na tangu hapo haikuwahi kutoka. Zahanati walitoa mwiba, wakampa dawa, kisha mganga akasema wazi: "Bibi, hii ikizidi kukaza, damu haitafika vidoleni. Asubuhi ikiwa bado iko hivi, tutaikata."

Tuliporudi nyumbani akakaa kwenye kigoda. "Mkwe," akasema, "mama yangu hakuniachia kitu kingine."

Nikamfunga mkono kwa khanga, nikauning'iniza juu kwenye boriti ili uvimbe ushuke, na kila mara nikaufunika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi. Akakaa hivyo mkono juu, kama mwanafunzi.

"Sikupelekwa shule," akasema, "leo umeniandikisha darasa la kwanza."

"Basi tulia, mwalimu akuone."

Mke wa mwanangu alicheka, halafu akatoka na mtoto wake. Hakutaka kuona mama yake akiumia. Mimi nikawa naomba kimyakimya. Mkwe akaniona midomo inacheza.

"Unamwambia Mungu habari za bangili?"

"Namwambia habari za mkono."

"Mwambie na bangili."

Nikamwambia na bangili.

Jua lilipoanza kuegemea, ngozi ilikuwa imelegea kidogo. Nikapenyeza mfuko laini wa nailoni chini ya shaba, nikapaka siagi juu na chini, nikaanza kuivuta taratibu huku naizungusha. Kwenye kifundo cha kidole gumba iligoma. Alifumba macho, akakunja kidole ndani ya kiganja, akaniambia nisimwonee huruma. Nikavuta. Ikatoka, tukabaki tunaitazama wote wawili. Mahali ilipokaa ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto.

Bangili yenyewe kwa ndani ilikuwa ya kijani, imejaa uchafu wa miaka. Nikaleta dawa ya meno, maana ndiyo ninayosafishia pete yangu ya ndoa.

"Bangili haina meno," akasema. Nilipochukua waya wa kusugulia sufuria, akanivuta gauni. "Huo utaichubua. Leta majivu."

Akanielekeza: majivu yachekechwe kwa kitambaa yasibaki na chenga, yachanganywe na maziwa mgando, yasuguliwe kwa tambara laini bila haraka. Kwenye michoro nikapitisha kijiti. Nikaisuuza kwa maji ya uvuguvugu, nikaikausha, ikang'aa kama mpya. Nikafungua sanduku langu niihifadhi pamoja na pete.

"Hapana. Shaba isiyovaliwa inafifia. Inataka ngozi ya mtu. Ivae wewe mpaka nipone."

Sijawahi kuvaa chochote mkononi zaidi ya pete. Lakini niliivaa. Jumapili nikaenda nayo kanisani, na akina mama wa kwaya hawakunionea haya.

"Mama, umeposwa uwandani?"

"Nimekabidhiwa," nikawajibu, nikafungua kitabu cha nyimbo.

Nililima nayo, nikasonga nayo ugali, na kila ilipogonga mwiko nilimkumbuka aliyenivisha, nikamwombea. Yeye alikuwa amerudi kwao uwandani, na huko mkono wake ukapona. Akapanda tena mlima, tukasalimiana, akashika mkono wangu akaigeuzageuza bangili kwenye mwanga wa mlangoni.

"Umeitunza," akasema. "Sasa aliyeitoa ndiye anirudishie."

Nikaivua, nikampaka siagi, nikaipitisha polepole mpaka ikakaa mahali pake. Alikunja na kukunjua vidole. Halafu akauchukua mkono wangu uliobaki mtupu, akaupulizia mate kidogo, kama wazee wao wanavyobariki watoto. Nikainamisha kichwa nikasema, "Amina."