Mashine ya Mkanda na Jicho Lililobaki

Jicho langu la kushoto liliharibiwa na grinda ya mkono, ile wanayokatia vyuma vya mageti. Diski ilipasuka nikiwa nimeinama juu ya springi ya lori, nikiikata nitengeneze kisu, na nilipotoka hospitalini Kitui nilikuwa mtu wa jicho moja. Tangu hapo, grinda ikilia hata upande wa pili wa soko la Zombe, mate hunikauka mdomoni. Sioni haya kulisema. Wanaume wengi hapa kwetu wanajitia hawaogopi kitu, na wengi wao hawajaamka asubuhi wakipapasa uso kuhakikisha jicho lililobaki bado linafunguka.

Lakini visu nilivipenda, basi nikaendelea kuvitengeneza kwa tupa, taratibu, chuma kikiwa kimebanwa mezani. Mteja wangu mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, Mwislamu kutoka kaskazini. Kila kisu alikipitishia ukucha kwenye makali, polepole, akitafuta pengo. Akilihisi, hakichukui, maana hataki kuchinjia kisu kilichomeguka. Siku aliponiambia ndugu zake nao wanataka visu, nilijua tupa haitanifikisha. Nilihitaji mashine ya mkanda, ambayo msasa wake unazunguka kwenye magurudumu na wewe unausogezea chuma mpaka kiwe chembamba. Yaani nilihitaji kutoka nyumbani, kwa miguu yangu mwenyewe, nikanunue kitu cha kurusha cheche mbele ya jicho nililobaki nalo.

Watoto walishahama, tumebaki wawili; nilimwambia mke wangu akiwa anachambua ndengu. Mikono yake ilisimama.

"Na ukipoteza hilo lingine?"

"Sitalipoteza."

"Hata lile hukuwa umepanga, baba watoto."

Nikavaa viatu nikaenda Kitui mjini.

Muuzaji wa duka la vifaa alinionyesha kwanza kijimashine cha mezani. Kilikuwa rahisi, na rangi yake ilipendeza. Alipokiwasha kilipiga kelele nyembamba, nikarudi nyuma mpaka nikagonga ndoo za rangi. Hakikuwa na mahali pa kupunguza mwendo. Niligusisha ufunguo wangu kidogo tu kwenye mkanda, mota yake ikalemewa ikasimama. Nilipouliza mikanda ya akiba ninunue wapi, aliangalia dari.

"Basi chukua hii, mzee," akasema, akitoa kifaa fulani chini ya kaunta. "Kama uko na grinda ya mkono kwa nyumba, unafunga hii mbele yake tu, inakuwa mashine ya mkanda. Hakuna bei ya chini kuliko hii."

Alikuwa amekishikanisha na grinda tayari, ili nione. Aliniwekea mikononi. Jasho lilinitoka, nikamrudishia na kutoka nje kutafuta hewa. Watu walidhani nimeugua.

Mashine niliyoichagua niliipata Mbooni, kwa fundi mmoja anayetengeneza vitu vyake mwenyewe kwenye kibanda kilichoshikilia mteremko. Ilikuwa mbaya kwa sura. Mota ilitoka kwenye pampu kuukuu, miguu ni vyuma vya kitanda. Lakini mkanda wake ulikuwa mpana na mrefu, wa kipimo ambacho mtu anaweza kuagiza Nairobi. Ilikuwa na puli, vile vigurudumu vya kuendeshea, za ukubwa tofauti; ukitaka iende polepole unahamisha tu mshipi wa mota kutoka puli moja hadi nyingine. Gurudumu la juu lilifunikwa na bati zito. Nilimuuliza fundi swali moja mara nyingi, kwa maneno tofauti: mkanda ukikatika, unaenda wapi?

"Unaenda mbele ama kando," alisema mwishowe, amechoka nami. "Lakini simama vizuri, vaa miwani, na uweke magurudumu yakiwa makavu. Mkanda haupendi kuteleza."

Nilinunua, na miwani ya kazi nikanunua, miwili, moja ya kuvaa juu ya nyingine. Fundi alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa, hapa kwetu kitu chenye injini hakianzi kazi kabla hakijaombewa. Pikipiki, pampu, mashine ya kusaga, vyote. Mke wangu alimwita mchungaji, na mchungaji akaja na akina mama wa kanisa na chupa ya mafuta. Aliomba kwa nguvu. Alililia jicho langu mbele za Mungu mpaka mimi mwenyewe nikatokwa na machozi. Halafu akaipaka mashine mafuta jinsi anavyopaka pikipiki, yaani kwenye magurudumu, bila uchoyo.

Niliyaona yale mafuta yakichuruzika. Maneno ya fundi yalinijia yote. Lakini akina mama walikuwa wamesimama wananitazama, na nani atachukua kitambaa afute maombi mbele ya mchungaji? Niliogopa. Baada ya wao kunywa chai na kwenda, bado niliogopa, maana niliona nikifuta nitakuwa nimeuondoa ulinzi wenyewe, na jicho langu nitaliacha wazi. Nikavaa miwani yangu miwili, nikawasha.

Ilienda vizuri kwa muda mfupi. Moyo ulikuwa ukinipiga masikioni kuliko mota. Nikalisogeza bapa la kisu kwenye msasa, cheche zikaanza, nikakaza mkono. Mkanda ukateleza, ukayumba, ukachomoka. Nilifumba jicho. Nilisikia kitu kikinipita upande wa kushoto, upande wangu wa giza, halafu nikasikia sauti ya mke wangu, "Aii!"

Sikujua kwamba alikuwa pale. Alikuwa amekuja kunisimamia.

Nilizima umeme na kugeuka. Alikuwa ameweka kiganja usoni, na sikutaka akitoe, kwa sababu nilijua nitakachokiona. Alipokiondoa, mkanda ulikuwa umemchana shavu, mstari mwembamba wa damu, upana wa kidole kimoja chini ya jicho.

Alikitazama kiganja chake, kisha akanitazama mimi.

"Hii nyumba iko na macho tatu peke yake," akasema. "Tatu tu."

Nilichukua kitambaa, nikakilowesha petroli, nikayafuta yale magurudumu mpaka yakakauka kabisa. Hakunizuia. Visu vya ndugu za yule mfanyabiashara vilikamilika, na mashine ninayo mpaka leo, na woga ninao. Lakini siiwashi kabla sijamwita mke wangu kwa sauti, nikasubiri mpaka aitike kutoka jikoni.