Marahaba ya Mlangoni

Mdogo wangu wa kike ni mtu wa kusahau: funguo, simu, hata maharage jikoni. Kitu ambacho alikuwa hajawahi kukisahau ni kilinda meno chake cha ngumi. Alikilainisha mwenyewe nyumbani kwangu, Mbinga mjini, kwa maji ya moto kwenye sufuria yangu ya chai, kisha akakiuma mpaka kikashika umbo la meno yake. Mimi nilifoka kwa ajili ya sufuria.

Mama alipopanda kutoka ziwani na usipa wake mkavu, wale dagaa wa kwetu, alikuwa hajawahi kumwona mwanawe akipigana. Nikampeleka mazoezini. Tulikuta mdogo wangu anapambana na mwenzake. Akaomba kusimama, akatema kilinda meno, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Ndivyo tulivyolelewa. Mama haitikii shikamoo ya mdomo uliojaa, hata kama ni kipande cha muhogo tu shavuni. Basi mdogo wangu akakichomeka kile kidude kiunoni na kurudi ulingoni, anachekacheka kwa kuonwa na mama, na furaha hiyo ikamsahaulisha. Ngumi iliyompata ilikuwa ya kawaida kabisa. Jino la mbele likadondoka sakafuni.

Mama aliliokota, akataka kulisugua kwa khanga. Kocha akamzuia taratibu. "Mama, usiguse mzizi. Lishike huku juu. Tutafute maziwa."

Maziwa tuliyapata mgahawa wa jirani, tukakimbilia bajaji. Mama alikishika kile kikombe chenye jino kwa mikono miwili njia nzima.

Daktari wa meno alilirudisha mahali pake, akalifunga kwa waya pamoja na majirani zake. Linaweza kushika, alisema, na linaweza kukataa. Mama akaahirisha kurudi ziwani. Alipika uji, akaponda ndizi, na kila asubuhi alimwambia mgonjwa wake, "Hebu cheka nione." Siku moja tukichambua usipa aliniambia, "Alikitoa kwa ajili yangu." Nikajibu kwamba ni adabu aliyotufunza yeye. Jibu la kijinga kama nini! Mama akalia, nikalia naye, nikampenda kuliko siku zote.

Jino lilishika. Mdogo wangu aliporuhusiwa kurudi kwenye ngumi, nilidhani mama atakataa katakata. Aliuliza tu kile kidude kiko wapi, akakiosha mwenyewe.

Tukaenda tena kumwangalia. Alituona tunaingia, na mkono wake ukaanza kwenda mdomoni. Mama hakusubiri kuamkiwa. Alisimama pale pale mlangoni akapaza sauti hadi watu wote wakageuka:

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Mdogo wangu akashusha mkono.