Jina Langu Lilibaki Juu ya Mkaratusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa asubuhi ile ile, jasho halijanitoka, kwa sababu nilivuka kamba. Ilikuwa imelala chini ya mti wa mgrivea pale Mbulu mjini, kamba nene ya katani, nami nikairuka kama mtu anavyoruka mfereji. Nyapara wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya bezi ya kwaya, akanitazama kwa huruma. "Wewe, nenda nyumbani kwa mama yako," akasema. "Kamba inayobeba mtu hairukwi. Kesho ukirudi, uzunguke." Kesho yake nilirudi, nikazunguka. Nazunguka mpaka leo. Hata kamba ya mbuzi hapa kwangu Bashay siivuki, na wajukuu wananicheka.

Siku hizi vijana wa miti wana redio ndani ya kofia. Wa juu anaongea na wa chini taratibu kabisa, kama wamekaa sebuleni. Sina ugomvi nao. Ila nataka niwaeleze sisi tulikuwa tunaongeaje, kwa sababu kuongea ndiko kulikotuweka hai, na ndiko kulikonitenganisha na rafiki yangu Sulle.

Tulikuwa kikosi cha miti cha wilaya. Kazi yetu ilikuwa kupogoa matawi yanayolalia paa za shule na nyaya za umeme, na kuangusha miti iliyooza kabla haijaangukia watu. Tawi kubwa halikatwi kwa papara. Unalikata kwanza kidogo upande wa chini, halafu unahamia upande wa juu, ili likivunjika lisichane gome la shina na kurudi kukupiga kifuani. Na huku juu wewe hujitegemei. Uhai wako uko mikononi mwa mshika kamba aliyesimama chini, macho juu, shingo inamuuma. Ukivuta kamba mara moja, anakulegezea. Ukivuta mara mbili, anakaza. Wangu alikuwa Sulle wa Masieda, mrefu, mkimya, mtu wa kutabasamu kwa jicho moja.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hamtalikuta katika mafunzo ya siku hizi. Kabla mpandaji hajapanda, mshika kamba alimfunga fundo kiunoni, na mpandaji akamtajia jina lake kwa sauti ya chini. Mimi nasema, "Amsi." Sulle anajibu, "Ninalo." Kuanzia hapo jina langu liko kwake. Mimi naitwa Juu, yeye anaitwa Chini. "Chini, legeza!" "Juu, ngoja, watoto wanapita!" Nyapara alitufundisha kwamba mti ukilisikia jina la mtu anayeukata, utalishika, na siku moja mwenye jina atalifuata. Ukishuka hujifungui mwenyewe. Mshika kamba ndiye anayelifungua fundo, na akilifungua anasema, "Karibu chini, Amsi." Hapo umerudishiwa jina lako. Ndipo unaruhusiwa kunywa chai.

Mtaniuliza kama niliamini. Mimi nimebatizwa, na Jumapili nilikuwa sikosi. Lakini miaka yote ile sikuwahi kugusa kikombe kabla fundo halijafunguliwa.

Baadaye tuliazimwa wilaya jirani ya Hanang, kupogoa miti ya barabarani. Upepo unaoshuka kutoka Mlima Hanang hauna adabu. Huko kulikuwa na mgunga mmoja mkubwa uliotandaza tawi juu ya njia. Mzee wa wafugaji akatujia na mkuki wake, akiwa na kibuyu cha maziwa. Tulimwamkia shikamoo sote, hata Nyapara. Akasema chini ya mti ule amelala baba yake, tawi tunaweza kuchukua, shina tusiliguse. Akanyunyiza maziwa shinani, akakaa pembeni kutulinda, au kutuchunga, sijui. Siku ile Sulle alinitania nilipokuwa nashuka, "Leo una washika kamba wawili, mmoja yuko ardhini kabisa." Nilicheka mpaka nikakosa pa kuweka mguu.

Afisa Misitu mpya alitukuta huko huko. Alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mkali kwa jambo moja tu: kofia ngumu. Alituletea za njano, akasema asiyevaa asipande. Tulinung'unika kweli kweli. Mimi nilisema kichwa changu kimezoea hewa. Akanijibu, "Sawa, baba. Kofia siyo ya kichwa chako, ni ya mke wako." Nikaivaa. Siku moja akamuuliza Nyapara, "Wakipanda wawili kwa mpigo, Juu ni nani?" Nyapara akasema kila mpandaji anaijua sauti ya mshika kamba wake. Na ni kweli, tulizijua. Hakuna aliyeona ubaya wa jibu lile.

Ubaya tuliuona Dongobesh, kwenye uwanja wa kanisa moja lililokuwa linajiandaa kwa sherehe. Palikuwa na mikaratusi miwili mirefu iliyosimama karibu karibu, matawi yao yamekumbatiana, na waumini walitaka kusimamisha maturubai chini yake. Tulikuwa na haraka. Nyapara akampandisha mwenzetu Gwandu mti mmoja, mimi mwingine. Hatukuwa tumewahi kufanya hivyo. Nikamwambia Sulle, "Amsi." Akasema, "Ninalo." Nikapanda.

Upepo ulikuwa mkali na chenso ya Gwandu, ule msumeno wa mashine, ilikuwa inanguruma, hata sauti ya chini hujui ni ya nani. Tawi kavu likakatika kutoka kwenye mti wake, likaja kukwama kwenye mti wangu, juu kabisa ya kichwa changu, nisipoweza kuliona. Sulle aliliona. Akapaza sauti, "Juu! Acha kazi, kumbatia shina!" Gwandu akasikia, akazima chenso, akakumbatia shina lake. Mimi nilimwona Gwandu anatii, nikajua ameambiwa yeye. Nikaendelea kukata. Sulle akavuta kamba, lakini kamba ilikuwa imebanwa kwenye panda ya mti, mvuto haukunifikia. Akaita tena, "Juu! Juu!" Nikajisemea, huyu Gwandu leo amefanya nini.

Ndipo nikasikia, "Amsi! Amsi! Shina!"

Nywele zilinisimama. Sikuwahi kulisikia jina langu nikiwa juu ya mti. Sikuuliza, nililikumbatia shina kama mtoto aliyeshika sketi ya mama yake. Tawi likateleza, likanichana koti mgongoni, likanivunja mfupa wa bega, likaigonga ile kofia ya njano ikapasuka. Kichwa kilibaki kizima. Yule mama Afisa Misitu nimemwombea kila Krismasi tangu siku hiyo.

Nilishuka polepole kwa mkono mmoja. Sulle alinipokea, akalifungua fundo. Nikasubiri maneno yetu. Aliviringisha kamba, akaiweka miguuni pa Nyapara, akasema, "Jina lake nimelitupa kule juu. Sina la kumrudishia."

Afisa Misitu alijaribu kumwelewesha. Nyapara naye, aliyetufundisha mwiko wenyewe, akamwambia, "Sulle, umeokoa mtu." Sulle akajibu, "Nimemwokoa leo. Kesho mti utamdai." Hakushika kamba tena. Aliomba kuhamishiwa kwenye bustani ya miche, akawa anamwagilia misindano midogo isiyofika hata magotini. Kikosi kikaanza kutumia filimbi na majina, na wapandaji wawili hawakupandishwa pamoja tena. Mimi bega lilipopona nilirudi juu, na mshika kamba mwingine, kijana hodari. Hakuwa Sulle.

Kilichoniuma ni kwamba hakuniita jina tena. Tukikutana mnadani Dongobesh alikuwa anasema, "Juu, habari za siku nyingi." Watu walidhani ni utani, na mimi mwanzoni nilicheka. Lakini mke wangu alipofariki, Sulle alikuja kutoka Masieda, akashika jembe, akachimba kaburi na vijana, akalia kuliko ndugu zangu. Kisha akanishika mkono, akafungua mdomo, akaufunga. Siku ile nilihitaji sana mtu wa kuniita Amsi. Nilimkasirikia, nawaambia kweli, nikakaa na hasira ile msimu mzima wa mahindi.

Mpanda ngazi hushuka. Siku yangu ya kustaafu ilifika, na bosi wa wakati huo, kijana mwenye tai, akanipa hotuba nzuri na kuniuliza nataka ukumbusho gani. Nikaomba kamba yetu ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo, iliyokatazwa kubeba mtu. Akashangaa, akanipa. Sulle hakuja kwenye sherehe. Alikuwa anaumwa miguu, walisema.

Nikaenda Masieda. Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, mkewe anapepeta maharage, chai iko jikoni. "Juu, umefika," akasema. "Karibu ukae."

"Sijafika," nikamwambia. "Wewe mwenyewe unasema niko juu."

Nikaifunga ile kamba kiunoni, fundo letu lile lile, nikamwekea ncha ya pili mkononi. Mkewe akaacha kupepeta. Nikamwinamia nikasema kwa sauti ya chini, kama zamani, "Amsi."

Sulle akaangalia uwanja wake, migomba, zizi, mbingu. "Mti uko wapi?" akauliza.

"Hakuna mti. Nimestaafu. Hakuna wa kutusikia hapa isipokuwa shemeji, na yeye jina langu analijua."

Mkewe akacheka. Sulle hakucheka. Macho yake yalijaa machozi, akayaacha yashuke. "Ninalo," akasema.

Akajikongoja akasimama, akaanza kulifungua fundo. Vidole vyake vimekakamaa siku hizi, na mimi nilikuwa nimelikaza sana. Mkewe akaleta kisu. Sulle akamkatalia kwa kichwa, akaendelea kuhangaika, anapumua kwa nguvu, paji lake la uso karibu liguse kifua changu. Mwisho kamba ikalegea, ikaanguka miguuni mwetu.

"Karibu chini, Amsi," akasema.

Tukaizunguka kamba, mmoja kulia, mwingine kushoto, tukaenda kunywa chai.