Pointi za Kumpeleka Mama

Niliwahi kuwa mteja wa dhahabu. Shirika la ndege lilinitumia kadi ndani ya bahasha nzito, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mjinga wa kuipenda. Nilitangulia kupanda ndege kabla ya wazee, nikanywa juisi kwenye ukumbi wa viti laini, na kila safari ya kikazi iliniongezea pointi ambazo ningeweza kuzibadilisha kwa tiketi. Nikirudi Kakamega, kadi hiyo haikunisaidia hata kupata bodaboda haraka. Lakini niliitembeza mkobani kama kitambulisho.

Dada yangu mdogo ni muuguzi ng'ambo, na mwaka juzi alipata mimba yake ya kwanza. Kwetu, binti akijifungua, mama yake humwendea. Humkanda kwa maji moto, humpikia uji wa wimbi, kisha humpakata mtoto na kumwita kwa jina la marehemu mmoja wa ukoo. Mama alitaka mjukuu apewe jina la nyanya yetu, mama yake mzazi. Tiketi ilikuwa imemshinda dada, basi mimi nikajigamba mbele ya watu wote wa nyumbani kwamba pointi zangu zitampeleka mama na kumrudisha.

Mama akaanza kujitayarisha huko Butere. Alipoenda kutafuta pasipoti, mashine ya alama za vidole ilimkataa mara tatu, maana jembe na majani ya miwa yalikuwa yamevilainisha vidole vyake. Alirudi tena na tena mpaka ikamkubali. Wimbi aliuanika mwenyewe, akausaga, akaufunga ndani ya mifuko miwili. Akina mama wa kanisa walimfanyia maombi ya safari.

Wiki tatu kabla ya dada kujifungua, nilikuwa narudi kutoka kwenye mkutano ulionichosha. Pale kaunta, msichana aliyetabasamu vizuri mno aliniambia naweza kutumia pointi kupata kiti kinachokunjuka kuwa kitanda. Nilijua pointi zile ni za nani. Nikajiambia nitazirudisha kwa safari mbili tu, nikasema ndiyo. Nililala fofofo, na hata leo naona haya kukumbuka jinsi nilivyolala.

Safari hizo mbili zilifutwa. Nilipoingia mtandaoni kumtafutia mama kiti, shirika nalo lilikuwa limepandisha idadi ya pointi bila hata kutuonya. Nilipiga simu, nikasikilizishwa muziki, nikaambiwa mteja wa dhahabu anathaminiwa sana. Nauli ya kawaida sikuiweza. Nawachukia mpaka sasa, lakini najua kwamba bila kitanda kile pointi zingetosha.

Nilienda Butere kumwambia mama ana kwa ana, na nilipofika ujasiri ukaniisha. Nilimwambia watu wa ndege wamebadilisha masharti, wamekataa. Kuhusu kitanda sikusema. Mifuko ya wimbi ilikuwa juu ya meza, tayari. Nilianza kulia, naye akadhani nalia kwa ajili yake.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Si wewe umekataa. Hao watu wa ndege hawajuanga mtoto anangoja nani ndio apate jina."

Dada alipendekeza mama amwite mtoto jina kupitia video. Mama alikataa; alisema jina hupewa mtoto aliye mikononi. Mjukuu sasa anatembea, na anaitwa jina la Kizungu lililoandikwa hospitalini. Pasipoti ya mama haina muhuri hata mmoja.

Nikiwa nyumbani Jumapili, tunaketi pamoja kanisani. Wakati wa maombi, mama huwataja watu wa ndege na kumsihi Mungu awasamehe, kwa kuwa hawakujua walimnyima nini. Mimi nipo kando yake, ameushika mkono wangu, nami huitikia amina.