Tarumbeta Katikati ya Hotuba

Shaba iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu ina harufu yake, kali na chachu, nayo hung'ang'ania vidoleni hata ukinawa mara ngapi. Nikiisikia narudi Ggaba, katika kanisa letu dogo la ibada ya Kiswahili, ambako moshi wa samaki kutoka mwaloni, pale ziwani wavuvi waliposhushia mzigo, uliingia madirishani bila kubisha hodi. Tulikuwa mchanganyiko wa ajabu: Wakongo waliokimbia vita, Wakenya waliofuata kazi, na askari wastaafu ambao Kiganda kiliwapiga chenga. Kilichotuunganisha ni bendi ya matarumbeta. Mimi nilipuliza tromboni iliyokuwa karibu kunizidi kimo, na kando yangu alikaa Furaha, rafiki yangu kutoka Bukavu, ambaye alipuliza tarumbeta vizuri kuliko sisi sote, na alilijua hilo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipojiandaa kwa tamasha letu kubwa. Msimu huohuo familia ya Furaha, baada ya kungoja miaka mingi, ilikubaliwa kwenda kuishi Kanada, na kwa bahati mbaya gari la kuwapeleka Entebbe lilipangiwa jioni ya siku ileile ya tamasha. Furaha alitaka jambo moja tu kabla ya kuondoka: apulize peke yake mbele ya watu waliomlea. Mwalimu Barasa, kiongozi wa bendi, akampa sehemu ya peke yake katika wimbo wa kwanza kabisa, ili amalize mapema na kuwahi gari. Tulidhani tumepanga vizuri. Tulisahau wageni.

Katika kanisa letu mgeni hakupitwa, hata angekuwa amekuja kumsindikiza mgeni mwingine. Kila mmoja alisimamishwa, akasalimia kuanzia mchungaji hadi watoto wa shule ya Jumapili, akasema hana mengi, kisha akatoa hayo mengi yote. Akimaliza, alimwomba aliyekuja naye apunge mkono tu, na huyo wa kupunga mkono naye akapewa nafasi ya machache. Kila mmoja alipokaa, bendi ilipiga kipande kifupi cha kumshukuru, ngoma ikitangulia. Hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya mchana kutwa: kuwashukuru watu waliotuzuia kupiga muziki. Mpaka leo nikikumbuka nataka kuvua kiatu nimrushie mtu.

Baba yake Furaha alikuwa amesimama mlangoni, akigonga saa yake ya mkononi kwa kidole. Mgeni mnene mwenye suti ya kijivu alikuwa anatusimulia jinsi alivyookoka, na alikuwa hajafika hata ujana wake.

"Aba bageni habana kwabo?" Furaha akaninong'oneza kwa Kiswahili cha kwao, macho yamemjaa machozi.

Mgeni akatua kidogo anywe maji. Nyuma yetu Afande Okello, mpiga ngoma wetu mstaafu wa jeshi, alikuwa amelala fofofo, na ukimya ule ndio uliomwamsha. Kwake ukimya ulikuwa na maana moja tu, kwamba mgeni amekaa. Akaipiga ngoma. Furaha akaruka kutoka kitini, na badala ya kipande cha shukrani akaanza wimbo wenyewe. Mwalimu Barasa angeweza kutunyamazisha kwa mkono mmoja. Alimtazama mgeni, akamtazama mtoto, kisha akampa mgeni mgongo na kutuongoza hadi mwisho. Sijawahi kusikia tarumbeta likipulizwa vile tena. Kina mama wakapiga vigelegele, na mgeni, glasi ingali mkononi, akadhani ni vyake.

"Asanteni," akasema. "Sasa, kama nilivyokuwa nikisema..."

"Afande, ulikuwa umelala?" Mwalimu Barasa akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi hapana rala," akajibu Okello kwa hasira. "Mutu nanyamaza, mimi napiga."

Niligeuka nicheke na Furaha. Juu ya kiti chake kulikuwa na tarumbeta tu. Hatukuagana, na lawama hiyo niliwabebesha wageni miaka yote.

Mwezi uliopita sisi wazee wa bendi tulikusanyika tena kupiga, safari hii Ntinda, katika kanisa lenye skrini mbili na kiyoyozi. Afande Okello ametangulia mbele ya haki, na Mwalimu Barasa sasa hutembelea mkongojo. Kule Kanada ilikuwa asubuhi. Furaha alipiga simu asikilize kabla ya kwenda kazini, nami nikaielekeza simu kwenye spika. Ningedhani kanisa lililojua kununua skrini lingejua pia kufupisha utambulisho. Wapi! Akasimama wa kwanza, hana mengi. Akasimama wa pili. Nilikuwa nachemka.

"Bageni bangali banasema?" simu ikauliza.

"Bangali," nikamjibu kwa Kiswahili chake. "Kata tu, uende. Utachelewa kazini."

"Sikate. Siku ile gari ilikuwa ya bengine, sikukuaga. Leo gari ni yangu. Baseme."

Mgeni wa tano akapewa kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumwombea kikohozi.