Gamba la ngege kwa tableti yangu

Jameni, nimefuta kila kitu kwa tableti yangu sababu ya gamba moja la samaki.

Wiki nzima ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe. Shemeji yangu mjuaji akasema ni programu.
"Futa yote, itapona."
Jana nikafuta yote. Ikajizima tena.

Leo nimeipeleka kwa fundi hapa Manyatta. Akabonyeza kitufe cha kuwasha, akaona kimekwama ndani, hakirudi. Halafu akakinusa. Ndiyo, akakinusa!
"Mama, wewe unauza samaki?"

Nauza ngege pale ufuoni Dunga. Mteja akitaka picha ya samaki, naipiga na mikono ile ile ninayoparulia magamba.

Akachokora na sindano, gamba likatoka, kitufe kikarudi.
"Haikuwa programu, Mama. Ungeanza na kitufe, hungefuta chochote."

Nilikuwa nimechoka, hata hasira haikuja. (Shemeji, usinipigie leo.)

Akapangusa kioo, akanipa.
"Sasa iko kama mpya."
Kweli, iko kama mpya. Haina picha hata moja.

Kama niliwahi kukutumia ile video ya marehemu mama yangu akicheka jikoni, tafadhali nirudishie.